Mafua Yauayo Bila Baridi

Tarehe 15 Agosti 1918 meli ya kivita ya Uingereza, Mantua, ilitia nanga Freetown, Sierra Leone, ikiwa na mabaharia wapatao 200 walio hoi kwa mafua. Agosti mjini humo ni kilele cha mvua: fukuto na matope, wala hakuna anayetafuta sweta. Vibarua wa makaa ya mawe walipanda melini kama walivyozoea, wakamaliza kazi, wakarudi makwao. Tarehe 27, vibarua 500 kati ya 600 wa kampuni ya makaa hawakuonekana kazini. Septemba ilipokwisha, thuluthi mbili ya wakazi wa Freetown walikuwa wameugua na watu wapatao 1,000 walikuwa wameshazikwa.

Ugonjwa ukafuata njia za biashara na vita. Meli mbili, Jaroslav na Veronej, zilizokuwa zikiwarudisha nyumbani wanajeshi wa Afrika Kusini, zilipitia Freetown na kufika Cape Town mwezi Septemba. Oktoba ikawa balaa, na wanahistoria wanakadiria kuwa watu wapatao 300,000 walikufa Afrika Kusini. Mombasa iliupata kutoka upande wa pili, kwa meli za Bombay, karibu na mwisho wa Septemba, wakati upepo wa kusi unapoanza kulegea. Reli ya Uganda ikaubeba hadi Nairobi na kuendelea bara. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliopekua kumbukumbu za wilaya za pwani ya Kenya, ulikadiria vifo 25 hivi kwa kila wakazi 1,000 wa pwani; kwa nchi nzima hutajwa takriban 150,000.

Tanganyika ilikuwa imeshakamuliwa na miaka minne ya vita. Maelfu ya wapagazi walikuwa wakirejea makwao wamekonda, mazao na mifugo vimechukuliwa na majeshi ya pande zote mbili, na Ugogo ilikuwa ndani ya ile njaa iliyoitwa Mtunya. Kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, aliposalimisha silaha Abercorn tarehe 25 Novemba 1918, mafua yalikuwa tayari yamo kambini na vijijini. Waliokufa Tanganyika wanakadiriwa kuwa kati ya 50,000 na 80,000, na sioni kwa nini mtu aamini kuwa hesabu hiyo imezidishwa.

Lakini hakuna nchi iliyolipa kama India. Wimbi la kwanza liliingia bandari ya Bombay Juni 1918, mvua za msimu zikitarajiwa. Lilisumbua, halikuua sana. Kisha mvua zikagoma. Monsuni ya mwaka ule ilikuwa miongoni mwa mbaya zaidi kuwahi kurekodiwa, mazao yakakauka, bei ya nafaka ikapaa, na wenye njaa wakamiminika mijini. Wimbi la pili liliwakuta katika hali hiyo. Mwanzoni mwa Oktoba jiji la Bombay lilihesabu zaidi ya maiti 700 kwa siku moja. Wanawake walikufa zaidi ya wanaume. Ndio waliouguza wengine na ndio waliokula mwisho. Makadirio kwa India yote ya Waingereza ni kati ya watu milioni 12 na 20. Sensa ya mwaka 1921 ilikuta idadi ya watu, kwa mipaka ya India ya leo, ni ndogo kuliko ya mwaka 1911. Jambo hilo halijatokea tena.

Na mbali kabisa, katika bahari ya Pasifiki, meli iitwayo Talune ilifika Apia, Samoa ya Magharibi, tarehe 7 Novemba 1918 ikitokea Auckland. Majira ya joto ndiyo yalikuwa yakianza huko. Zaidi ya mtu mmoja kati ya kila watano alikufa, jumla yao wapatao 8,500. Samoa ya Marekani, ambayo siku ya anga safi inaonekana kwa macho kutoka ng'ambo, haikupoteza mtu hata mmoja, kwa sababu gavana wake, John Poyer, alifunga bandari na hakumwonea haya yeyote.

Msomaji makini atasema: janga ni janga. Virusi vipya visivyojulikana na mwili wa mtu yeyote havingoji msimu. Kweli. Mwaka 1918 hauwezi kutufundisha kalenda ya kawaida ya mafua, ile ya miaka isiyo na habari kubwa. Unathibitisha jambo moja tu: joto si kinga. Hata hivyo, kwa karibu karne nzima iliyofuata vitabu vya tiba viliendelea kuyaandika mafua makali kama ugonjwa wa nchi za baridi, na madaktari waliosomeshwa kwa vitabu hivyo walirudi Dar es Salaam, Kampala na Kinshasa wakiwa na imani hiyohiyo. Chanzo cha imani hiyo kiko katika namna vifo vilivyohesabiwa.

Mwaka 1847 London ilipigwa na mafua. William Farr, mtakwimu wa ofisi ya usajili wa vizazi na vifo, aliona kuwa vifo vilivyoandikwa "mafua" ni vichache mno ukilinganisha na majeneza yaliyoongezeka. Walioandikwa kichomi, pumu, moyo na uzee walikuwa wamezidi pia kwa wiki zilezile. Akaamua kutohesabu vyeti vya mafua peke yake, bali tofauti kati ya vifo vya majuma ya ugonjwa na vile ambavyo kwa kawaida vingetokea. Hiyo ndiyo hesabu ya vifo vya ziada, na mpaka leo hakuna iliyoishinda kwa ugonjwa unaojificha nyuma ya majina mengine. Mwaka 1963 Mmarekani Robert Serfling aliipa umbo la kihisabati: chukua vifo vya nimonia na mafua vya miaka kadhaa, ondoa majuma ya mlipuko, chora mstari unaopanda kila majira ya baridi na kushuka kila kiangazi, kisha hesabu kinachochomoza juu ya mstari huo.

Njia ya Serfling inafaa sana Chicago au London, ambako Julai hakuna mafua ya kutajika. Inahitaji kipindi safi cha kuanzia. Kisumu au Singapore kipindi hicho hakipo; virusi vinazunguka mwaka mzima, vikipanda na kushuka kidogokidogo. Ukitumia mstari uleule huko, unapima kina cha mafuriko kwa kuanzia juu ya maji. Vifo vya mafua vinakuwa vimeshaingizwa ndani ya "kawaida", na hesabu inakupa sifuri au karibu nayo. Hapo ndipo watu walipohitimisha kuwa nchi za joto hazina vifo vya mafua. Ongeza kwamba sehemu kubwa ya Afrika haikuwa na usajili wa vifo wa kuaminika, wala haina mpaka sasa, utaelewa kwa nini hitimisho hilo halikupata wa kulipinga.

Mtu wa kwanza kulitazama suala la msimu kwa dunia nzima kwa umakini alikuwa daktari wa kawaida wa mji mdogo wa Cirencester, Uingereza, aitwaye Edgar Hope-Simpson. Alikuwa ameshajipatia heshima mwaka 1965 kwa kuonyesha kuwa mkanda wa jeshi unatokana na virusi vya tetekuwanga vilivyolala mwilini kwa miaka. Mwaka 1981 alichapisha makala iliyopanga milipuko ya mafua kufuatana na latitudo: kaskazini inakuja miezi ya Desemba hadi Machi, kusini inakuja katikati ya mwaka, na kati ya tropiki mbili mambo yanachanganyika, mara nyingi yakifuata mvua. Ramani yake ilikuwa nzuri. Maelezo yake hayakuwa mazuri kiasi hicho, kwani alitaka mafua nayo yalale mwilini na kuamshwa na jua, na hilo halikuthibitishwa. Ndivyo inavyokuwa kwa mtu aliyefaulu mara moja; anautafuta ufunguo uleule kwa kila mlango.

Hong Kong ilikuwa imeshatoa dokezo. Janga la mwaka 1968 lilizuka huko Julai, katikati ya joto na vimbunga. Katika miaka ya kawaida mji huo una vilele viwili, kimoja mwanzoni mwa mwaka na kingine miezi ya Juni hadi Agosti. Bado, ilichukua mpaka karne hii kwa vifo vyenyewe vya nchi za joto kuhesabiwa vizuri.

Singapore ndiyo mfano ninaopenda kuutaja, kwa sababu haiachi mwanya wa ubishi. Iko kwenye digrii moja na kitu kaskazini ya ikweta, nyuzi joto zake hazibadiliki kwa maana yoyote, na inasajili vifo vyake vyote. Watafiti walichukua miaka ya 1996 hadi 2003 na, badala ya kutafuta nundu ya majira ya baridi, wakalinganisha vifo vya kila mwezi na idadi halisi ya virusi vilivyopatikana maabara. Jibu lilikuwa vifo 14.8 kwa mwaka kwa kila watu 100,000, takriban sawa na Marekani na Hong Kong. Kati ya hivyo, vile vilivyoandikwa nimonia au mafua vilikuwa 2.9 tu. Vingi vya vilivyobaki vilikuwa chini ya moyo, mishipa ya damu na mapafu. Wazee wa zaidi ya miaka 65 ndio waliobeba mzigo. Bibi anapata homa siku tatu, anakohoa, wiki ya pili anapata shambulio la moyo, na cheti kinasema moyo.

Brazil ilikuja na picha pana zaidi. Mwaka 2007 Wladimir Alonso na wenzake walichapisha uchambuzi wa vifo vya nimonia na mafua vya nchi hiyo kuanzia 1979 hadi 2001, jimbo kwa jimbo. Kilele kinaanza kwenye majimbo ya ikweta, huko Amazon na kaskazini-mashariki, karibu na Machi na Aprili, wakati wa mvua, kisha kinateremka kusini kwa muda wa miezi mitatu hivi hadi kufika kwenye majimbo yenye baridi Juni na Julai. Mtu angetarajia ugonjwa uanzie São Paulo kwenye watu wengi na ndege nyingi. Unaanzia kwenye joto na mito. Brazil ilikuwa imeanza mwaka 1999 kuwachanja wazee kila Aprili, tarehe iliyowafaa watu wa kusini. Kule Fortaleza sindano ilikuwa ikifika ugonjwa umeshapita au uko kileleni. Ilibidi kufika mwaka 2023 ndipo wizara ya afya ikahamishia kampeni ya kanda ya kaskazini mwishoni mwa mwaka, kabla ya mvua za Amazon. Zaidi ya miaka 20 ya kuchanja kwa saa isiyo ya pale.

India nayo haina kalenda moja. Srinagar, chini ya milima ya Himalaya, huugua Januari hadi Machi kama Ulaya. Delhi huugua Julai hadi Septemba, monsuni ikiwa imeshika. Chennai hungoja mvua zake za Oktoba na Novemba. Dakar, upande wetu wa dunia, imefuatiliwa kwa miaka mingi na Taasisi ya Pasteur, na huko mafua ni ya miezi ya mvua, Julai hadi Septemba. Mwaka 2013 kundi la watafiti lilikusanya takwimu za vituo 78 duniani na kuona aina mbili: mahali ambapo hewa hupoa na kukauka vya kutosha, mafua huja wakati huo; mahali ambapo hewa haikauki kamwe, huja pamoja na miezi ya mvua nyingi zaidi.

Kwa nini mambo mawili yaliyo kinyume, ukavu na mvua, yalete ugonjwa mmoja? Hapa simulizi inaurudia mwaka 1918, safari hii kwa wanyama. Katika kambi ya jeshi ya Camp Cody, New Mexico, madaktari waliona kuwa panya wa Guinea waliokuwa maabara walikufa kipindi kilekile wanajeshi walipokuwa wakifa kwa mafua. Taarifa hiyo ilikaa kwenye jarida la zamani bila kuguswa, hadi maabara ya Peter Palese huko New York ilipoisoma na kuamua kuwajaribu wanyama hao. Mwaka 2007 Anice Lowen na wenzake waliwaweka wagonjwa na wazima katika vizimba vilivyo jirani, hewa ikipita kati yao, wakibadilisha joto na unyevu. Kwenye nyuzi 5 virusi vilisambaa vizuri. Kwenye nyuzi 30 havikusambaa hata kidogo. Wapenzi wa nadharia ya baridi walifurahi. Mwaka uliofuata timu hiyohiyo ikawaweka mgonjwa na mzima katika kizimba kimoja, kwenye nyuzi 30 zilezile, wakigusana na kula pamoja. Mzima akaambukizwa.

Jaribio hilo la pili halikutangazwa sana kama la kwanza, nami naliona ndilo lenye maana zaidi kwa mtu wa Manzese au Kibera. Katika joto, safari ndefu ya virusi hewani hukatika, lakini ya karibu haikatiki: chumba kimoja, kitanda kimoja, kikombe kimoja, mkono wa mama uliomfuta mtoto makamasi. Mvua inapowafungia watu ndani, ukaribu huo huongezeka. Linsey Marr na wenzake wa Virginia wameongeza kipande kingine: virusi ndani ya tone la mate hudumu vizuri hewa ikiwa kavu sana, hufa upesi kwenye unyevu wa kati, kisha hudumu tena hewa inapokaribia kujaa maji. Hakuna aliyefunga mjadala huu, na atakayekwambia kuwa sababu ni moja mtilie shaka.

Kuambukizwa ni jambo moja na kufa ni jingine, na hapo msimu hufanya kazi yake kwa mlango wa nyuma. Julai 2002 taarifa zilifika Antananarivo kuwa watu wanakufa kwa wingi katika kijiji cha Sahafata, nyanda za juu za Fianarantsoa, Madagascar. Kijiji kilikuwa na watu 2,160. Wachunguzi walikuta takriban asilimia 70 wameugua na 27 wamekufa. Virusi vilikuwa vya H3N2, vya kawaida kabisa, ambavyo mwaka ule havikumshtua mtu Paris wala Sydney. Kufikia Septemba nchi ilikuwa imehesabu wagonjwa 30,304 na vifo 754. Julai ni kipupwe katika milima ile, na nchi ilikuwa ikitoka katika miezi ya mgogoro wa urais uliofunga barabara na kupandisha bei za vyakula na dawa. Msimu, mwinuko na tumbo tupu vilikutana. India ya mwaka 1918 na Ugogo ya mwaka huohuo zilikuwa zimeshalionyesha hilo kwa ukubwa wa kutisha.

Madagascar inakumbusha pia kuwa "nchi ya joto" ni jina la ramani tu. Nairobi hutetemeka Julai ilhali Mombasa, kwenye nchi ileile, watu wanalala madirisha wazi. Njombe hupata jalidi. Dar es Salaam haijawahi kuiona. Ufuatiliaji ulioendeshwa na Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya (KEMRI) na washirika wake huko Kibera, na huko Lwak karibu na Ziwa Victoria, kuanzia mwaka 2007, ulikuta virusi vya mafua vikipatikana karibu kila mwezi, bila msimu mmoja ulionyooka. Masika huwa na kikohozi chake, kipupwe kina chake, na vuli haikosi.

Tatizo letu kubwa liko kwenye daftari. Fungua kitabu cha MTUHA, kile cha takwimu za wagonjwa, katika zahanati yoyote ya Tanzania utaona malaria, nimonia, maambukizi ya njia ya hewa, kuhara. Mtoto aliyeletwa na homa wakati wa masika, mapafu yakikoroma, ataingia kwenye mojawapo ya safu hizo, na akifa atabaki humo. Uchunguzi uliofanywa Moshi kwa wagonjwa 870 waliolazwa na homa kali, na kuchapishwa mwaka 2013, ulikuta asilimia 60.7 waliandikiwa malaria. Waliokuwa nayo kweli walikuwa asilimia 1.6. Mwaka uliofuata yalitoka matokeo ya watoto 1,005 wenye homa wa Dar es Salaam na Ifakara: asilimia 62 walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, na wengi wao chanzo kilikuwa virusi. Mganga wa zahanati hana wa kumlaumu. Kipimo cha haraka alicho nacho ni cha malaria; cha mafua hana.

Mwaka 2018 kundi la watafiti wa kimataifa lilikadiria kuwa mafua ya kawaida ya kila mwaka huua, kwa magonjwa ya njia ya hewa peke yake, watu kati ya 291,000 na 646,000 duniani. Kiwango cha juu kabisa kilikadiriwa kuwa Afrika kusini ya Sahara, kati ya vifo 2.8 na 16.5 kwa kila watu 100,000. Upana wa makadirio hayo unatokana na uhaba wa daftari za kuaminika.

Chanjo nazo zinafuata kalenda za wengine. Shirika la Afya Duniani hutoa mapendekezo ya aina ya virusi vya kuwekwa kwenye chanjo mara mbili kwa mwaka, Februari kwa ajili ya kaskazini na Septemba kwa ajili ya kusini. Haya ya Septemba yalianza mwaka 1998 tu. Nchi iliyokatwa katikati na ikweta inabidi ichague moja, na uchaguzi wa busara unahitaji kujua watu wake hufa mwezi gani. Kwa nchi ambayo virusi havipumziki, jibu la maana ni kuchanja mwaka mzima pamoja na chanjo nyingine za kliniki, bila kungoja kampeni. Kamati ya kitaifa ya ushauri wa chanjo ya Kenya ililiona hilo, na mwaka 2016 ikapendekeza chanjo ya mafua kwa watoto wa miezi 6 hadi 23. Hadi mwaka 2024 chanjo hiyo haikuwa katika ratiba ya kawaida ya watoto wa Kenya, wala ya Tanzania.